Kosa la Fundi Twalibu

Wanangu, nyinyi mnaoshika usukani siku hizi, na nyinyi wengine mnaovaa sare ya trafiki, nina swali lililonikaa kichwani miaka yote ya kazi. Askari akiinua mkono na gari likasimama kando ya barabara, kutoka aliposimama yeye hadi dirisha la dereva pana hatua kumi, au kumi na mbili. Wakati askari anazipiga hatua zile, yule aliye ndani ya gari huwa anawaza nini?

Mimi nilikuwa naona dalili za nje tu. Wapo waliozima redio. Wapo waliochomoa kofia ya swala mfukoni wakaivaa upesi, na sina hakika kama wote walikuwa Waislamu. Palikuwa na mwalimu mmoja wa Frere Town ambaye kila nilipomsimamisha alitoa leso akaanza kupangusa dashibodi, kana kwamba mgeni anaingia ndani kukaa. Alinifanyia hivyo mara nne au tano. Siku moja nikamuuliza mbona anapangusa. Akaitazama ile leso mkononi mwake, akaniambia hajui, hata yeye ndiyo kwanza anajiona.

Nilizaliwa Bofu, upande wa Likoni, nikaingia polisi nikiwa mwembamba hata mkanda ikabidi uongezwe tundu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya Changamwe na Kisauni, barabarani, juani. Watu waliniita Afande Bakari. Nilistaafu nikiwa koplo, na kwa nini sikupanda zaidi ya hapo mtalipata humuhumu.

Aliyenifundisha kazi ni Sajini Kilonzo, mtu wa Ukambani aliyekaa pwani mpaka akawa hali wali usiotiwa nazi. Nilipougua homa nikalala siku nne, ni yeye aliyeniletea uji asubuhi na jioni. Na kazi aliijua. Alinifundisha nisisimame kwenye kona wala kivulini. Nisimame mahali dereva ataniona kabla sijainua mkono, apate nafasi ya kupunguza mwendo. Nisiliendee gari kwa mbele, nipite ubavuni huku nikitazama magurudumu. Gurudumu la mbele likiwa limekunjwa kuelekea barabarani, dereva bado anafikiria kuondoka; likiwa limenyooka, ametulia. Hayo yote yalikuwa kweli, na hata leo nayasimamia.

Lakini alinifundisha na mengine mawili. La kwanza, kwamba dereva anayekuogopa hakusumbui, kwa hiyo usimsalimie wala usimchekee. La pili, kwamba ukitaka kumjua mwenye hatia umtazame mikono, kwa sababu mtu asiye na jambo hatetemeki. Nikayapokea yote mawili pamoja na yale mema, bila kuchambua.

Lile la mikono ningepaswa kulitupa mapema, kwa sababu ya mtu wa baiskeli.

Nilikuwa Changamwe wakati huo. Asubuhi moja, nikiwa nangoja malori, akaja mtu juu ya baiskeli amefunga mafungu ya mchicha nyuma. Nikamtazama, kama unavyotazama chochote kinachopita mbele yako. Yule bwana akashuka, akailaza baiskeli chini kwa uangalifu, akakimbia akapotelea kati ya nyumba. Mshangao ulinishika hata sikukumbuka kupuliza filimbi. Tukaipeleka baiskeli kituoni. Siku ya tatu akaja kuichukua, kafuatana na imamu wa msikiti wao na mwenye nyumba aliyopanga, wote wawili kumshuhudia kuwa ni mtu mwema. Tukatafuta kosa lake, hatukuliona. Nikamuuliza kwa nini alikimbia.

Akanijibu kwamba nilimwangalia.

Nikamweleza kuwa kuangalia si kukamata. Akasema kwa adabu kwamba hilo nalijua mimi niliyevaa sare, yeye aliye juu ya baiskeli atalijuaje. Tulicheka kituoni wiki nzima. Mchicha wake ulikuwa umeshaoza. Nilicheka kuliko wenzangu wote, wala sikujifunza kitu.

Jambo jingine lilinipata nikiwa likizoni, upande wetu wa Likoni. Shemeji yangu alikuwa na gari la kubebea nazi, nikapanda naye. Njiani lori lililotujia likatumulikia taa mara mbili. Shemeji akapunguza mwendo, akakaa sawasawa kitini. Nikamuuliza ile taa ni ya nini. Akasita, maana alijua kazi yangu, halafu akasema, "Mbele wako wenzako." Na kweli, kabla hatujafika walipo, kila aliyetujia alitumulikia: lori la mchanga, teksi, gari la padri. Watu ambao sokoni hawapeani hata salamu walikuwa wanasaidiana, na waliyekuwa wanasaidiana kumkwepa ni mimi. Nilijisikia kama mtu aliyesimama nje ya chumba akasikia jina lake linatajwa ndani. Nikamuuliza shemeji ni lini tena hupeana taa namna ile. Akasema kukiwa na ajali, au daraja limevunjika.

Sasa niwaeleze habari ya Fundi Twalibu, ambayo ndiyo hasa iliyonikalisha niandike.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kwisha, nami nimehamishiwa Kisauni pamoja na Sajini Kilonzo. Asubuhi moja, kwenye barabara ya Mtopanga, nilisimamisha pikapu kuukuu iliyopakia mbao. Dereva alikuwa mtu wa makamo, ana vumbi la msumeno kwenye nyusi, na kando yake amekaa mama mtu mzima amevaa buibui. Magurudumu yalikuwa mazima. Bima haikuwa imekwisha. Nikaomba leseni, kile kitabu chekundu cha zamani, akanipa. Madereva wengi siku zile walishazoea kukunja noti wakaiweka ndani ya kitabu kabla hawajakutolea, na sitawadanganya, nilikifungua nikatazama kama ipo. Haikuwapo.

Yule dereva akanisalimu, kisha akasema, "Afande, naomba kujua kosa langu."

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Hilo ndilo lililoniudhi. Watu hawakuwa na mazoea ya kutuuliza. Na jibu sikuwa nalo, kwa sababu nilimsimamisha kwa kuwa ilikuwa zamu yangu ya kusimamisha magari, basi. Ng'ambo ya barabara Sajini Kilonzo alikuwa anatazama. Nikaingiza mkono dirishani nikachomoa ufunguo, nikamwamuru ashuke achuchumae kando ya njia mpaka alijue kosa lake mwenyewe.

Akashuka, akachuchumaa. Halafu nikasikia mlango wa pili unafunguka. Yule mama akateremka polepole, akalikusanya buibui lake, akachuchumaa kwenye vumbi ubavuni mwa mwanawe.

Nikamwambia, "Mama, wewe sikukuambia."

"Nami nilikuwamo garini," akasema. "Kama lipo kosa, ni letu sote."

Wapita njia wakasimama. Muuza kahawa akaliweka dele lake chini. Nilikuwa na ufunguo mkononi na sikujua nifanye nao nini. Mtu mwenye akili angeurudisha palepale, lakini mimi nilijifanya nakagua magari mengine mawili, na ndipo nikarudi nikamnyooshea ufunguo wake. Yule bwana hakuupokea kwanza. Alimwinua mama yake, akampangusa vumbi, akamkalisha garini, kisha akanyoosha mkono akauchukua. Akasema asante. Matusi ya barabarani nimetukanwa ya kila namna na mengi nimeyasahau, lakini ile asante haikunitoka.

Miezi michache ikapita. Asubuhi nyingine, palepale Mtopanga, lori lilimgonga mama mmoja aitwaye Dama, muuza mahamri na mbaazi kando ya njia, likaenda zake bila kusimama. Dama alivunjika mguu mahali pawili, na alichoweza kukumbuka ni kwamba lori lilikuwa la buluu. Habari zilitufikia kwa redio tukiwa tumeweka kizuizi karibu na daraja la Nyali. Lori la buluu la kwanza kutokea lilikuwa linaendeshwa na mtu wa miaka thelathini hivi, jina lake Charo, mkaazi wa Mtopanga hiyohiyo. Bampa lake lilikuwa limebonyea. Nilipomuuliza ametoka wapi akababaika, na nilipoomba leseni mikono ikamtetemeka hata hakuweza kuitoa mfukoni. Nikaiona ile mikono, nikajua nimempata. Ni mimi niliyemtia pingu.

Sajini Kilonzo alinipigapiga begani, akasema jina langu litapelekwa kwa cheo cha sajini, na akalipeleka kweli. Charo alifikishwa mahakamani, akakana, akapelekwa rumande.

Baada ya siku mbili nilikwenda kulitazama lile lori uani kituoni, nipate kuandika ripoti vizuri. Hapo udadisi ukanishika. Bonyeo la bampa lilikuwa na kutu. Kwetu pwani chuma hushika kutu upesi, kwa hiyo hilo peke yake si hoja. Lakini nilipokwangua kwa ukucha niliona chini ya kutu pana rangi iliyopakwa kwa brashi, na rangi yenyewe imeshapasuka kwa jua. Mtu alishalipaka rangi bonyeo lile zamani. Tena mahali alipogongwa Dama nilikuwa nimeokota vipande vya kioo cha taa ya indiketa. Taa za Charo zilikuwa nzima zote, na kwenye skrubu zake vumbi limegandamana na mafuta. Hapana bisibisi iliyozigusa kwa muda mrefu. Nikampelekea sajini habari hizo. Akanisikiliza, halafu akaniuliza kama mikono ya Charo haikutetemeka. Nikasema ilitetemeka. Akasema basi, yamekwisha.

Kwangu hayakwisha. Yule mtu wa baiskeli alikuwa ameanza kunitembelea kichwani, na safari hii sikucheka.

Nikaenda Mtopanga kutafuta mashahidi. Barabara ile asubuhi hujaa watu, nikajua hawakosekani walioona. Muuza kahawa akaniambia wakati ule alikuwa ameinama anapuliza makaa. Muuza nazi alikuwa ameinama juu ya mbuzi, anakuna. Kinyozi alikuwa amemwinamia mteja, na mteja naye alikuwa ameinamishwa kichwa ananyolewa kisogo. Kwa maelezo yao, dakika ile Mtopanga nzima ilikuwa imeinama.

Palibaki karakana ya seremala, ambayo mlango wake unatazama hasa pale Dama alipokuwa akiuzia. Nikaingia. Aliyekuwa anapiga randa ni yule mwenye pikapu. Ndiyo siku niliyojua kwamba anaitwa Fundi Twalibu.

Alinitambua, lakini hakunionyesha uso mbaya. Alinipangusia kiti, akaagiza nikaletewa kahawa, akaniuliza hali. Nilipomuuliza habari ya lori akasema hakuona kitu. Nikamweleza kwamba kuna mtu yuko rumande, na huenda wala si yeye aliyegonga. Randa ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Kiti ninacho, afande, na kahawa ninayo," akasema. "Maneno sina."

Nikainywa ile kahawa mpaka chini, kwa sababu kuiacha ingekuwa utovu mwingine wa adabu.

Nilizunguka na jambo hilo siku mbili. Mwishoni nikaona njia rahisi ni kumwendea mama yake, nikidhani mama atakuwa mwepesi wa kusamehe, halafu atamlainisha mwanawe. Ilikuwa Ijumaa, siko kazini. Nikavaa kanzu, nikaulizia nyumba ya Bi Mwanasha, ndilo jina lake, nikamkuta barazani anachambua mchele. Nikampa shikamoo yake, akaniitikia, akanionyesha mahali pa kukaa. Alinitazama, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyetukalisha vumbini."

"Ndimi, mama. Nimekuja kukuomba radhi."

"Kosa la mwanangu lilikuwa lipi? Mpaka leo twaulizana humu ndani."

"Hakuwa na kosa. Aliniuliza swali, nami jibu sikuwa nalo."

Aliendelea kuchambua. Niliona anautafuta uchafu ambao haukuwamo tena. Hatimaye akaniambia kwamba yeye amenisamehe, ni mzee, na vumbi limeshafuliwa. Lakini haki ya Twalibu iko kwa Twalibu, na yeye hawezi kuitoa.

"Tena siku ile hukuvaa kanzu," akasema. "Ulivaa sare, na ilikuwa barabarani mbele za watu. Nenda kamwambie hivyo hivyo ulivyokuwa."

Jumatatu nilivaa sare yangu, kofia kichwani, nikaenda Mtopanga saa nne asubuhi, wakati barabara imejaa. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yalinipotea mlangoni. Nikavua kofia, nikasema yaliyobaki, kwa sauti ya kusikika:

"Fundi Twalibu, siku ile hukuwa na kosa lolote. Nilikudhalilisha mbele ya mama yako bila sababu. Nakuomba radhi."

Msumeno wa ndani ukanyamaza. Kinyozi akatoka na mkasi wake mkononi. Muuza kahawa, safari hii, hakuinama. Fundi Twalibu alinitazama.

"Nimesikia," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Sikumuuliza habari ya lori. Ulimi ulikuwa unaniwasha, lakini niliona kwamba nikiuliza palepale nitakuwa nimekuja kununua, si kuomba. Nikaaga nikaenda zangu.

Habari zilifika kituoni kabla yangu. Sajini Kilonzo aliniita pembeni. Hakupiga kelele; alikuwa kama mtu aliyeibiwa na nduguye. Aliniambia kofia niliyoivua pale haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa ya kila askari, na kwamba kuanzia kesho kila dereva atataka kuambiwa kosa lake. Nikamwambia labda tuwe tunalijua kabla ya kumsimamisha. Akanitazama, akaondoka. Jina langu likaondolewa kwenye orodha ya cheo, na halikurudishwa tena. Uji nao sikuletewa tena nilipougua, na hilo liliniuma zaidi ya cheo.

Siku tatu baadaye, Fundi Twalibu akaingia kituoni amevaa kanzu, mama yake nyuma. Alisema ataandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe, kisha mimi nimsomee kwa sauti, na akisikia neno ambalo hakuliandika hatatia sahihi. Nikampa karatasi, nikampa na meza yangu.

Alikuwa ameliona lile lori. Nambari hakuisoma kwa sababu ya vumbi. Lakini mbao za ubavuni alizitambua, kwa kuwa yeye ndiye aliyezitengeneza. Aliziunga kwa namna yake, na pembeni alipigilia kipande cha bati kwa misumari, jambo ambalo mafundi wengine hawafanyi. Lilikuwa lori la mfanyabiashara wa mawe ya kujengea, mteja wake mkubwa kuliko wote. Tulilikuta kwenye yadi ya bwana huyo. Indiketa ya kushoto ilikuwa mpya inang'aa, ya kulia imepauka kwa jua, na vipande vyangu vya kioo vilikuwa vimepauka vivyo hivyo. Dereva wake hakubisha. Nilimuuliza kwa nini hakusimama amtazame mama wa watu. Akasema aliogopa watu watampiga. Nikamuuliza mbona basi hakuja kituoni. Akasema kituoni aliogopa zaidi.

Yule mwenye lori hakumpa tena Fundi Twalibu kazi, hata ya kutengeneza kigoda. Twalibu hakunilalamikia. Nilimuuliza siku moja, maana lilikuwa linanisumbua, kama angekuja kutoa ushahidi hata kama nisingemwomba radhi.

"Sijui, Bakari," akasema. "Nami nimejiuliza."

Ndiyo mara ya kwanza aliniita jina langu bila kutanguliza afande.

Muuza kahawa naye alinieleza baadaye siri ya kuinama. Kila aliyewahi kusema ameona, alikalishwa kwenye benchi la kituo kuanzia asubuhi hadi jioni, akaulizwa kwa ukali kana kwamba ndiye aliyetenda. Watu wakaona nafuu kutoona. Kwa hiyo miaka ya tisini, nilipopewa askari wapya niwafundishe Changamwe, niliwafundisha yote ya Sajini Kilonzo juu ya kona, kivuli na magurudumu, kwa sababu ni elimu nzuri. Yale mawili ya mwisho nikayabadilisha. Salimia. Taja jina lako. Sema sababu ya kumsimamisha kabla hujaomba leseni, na kama ni ukaguzi wa kawaida tu, sema ni ukaguzi wa kawaida. Ufunguo wa mtu usiuguse. Akiwa na mzazi au watoto garini, mwite pembeni myamalize huko. Shahidi mpe kiti, na umfuate alipo badala ya kumburuta ulipo. Na mikono ikitetemeka, jua tu kwamba mbele yako yuko mtu anayetetemeka.

Nanyi madereva, zimeni injini, mikono iwe juu ya usukani, mkaulize kosa lenu kwa sauti ile ile mnayoulizia saa.

Sisemi mambo yalinyooka. Walionitukana waliendelea kunitukana. Kuna mmoja nilimpa salamu, nikataja jina na kumweleza sababu, akaniambia afadhali zamani, mlikuwa hamna maneno mengi. Taa pia waliendelea kupeana. Lakini siku moja pale Changamwe dereva wa tangi la mafuta alisimama mwenyewe bila kuitwa, akatoa kichwa dirishani akaniambia nyuma yake linakuja trela limekatika breki. Tukaondoa watu na mikokoteni barabarani, likapita lisimguse mtu, likaishia kwenye mchanga. Kabla ya hapo, katika miaka yangu yote, hapana dereva aliyewahi kusimama kwa ajili yangu bila mimi kuinua mkono.

Nimeiruka siku ya Charo. Nirudi.

Kesi yake iliondolewa mahakamani, kule kisiwani, adhuhuri moja ya jua kali. Alitoka nje ameshika mfuko wa nailoni wenye shati moja. Nilikuwa nimeomba Land Rover ya kituo imrudishe kwake Mtopanga, nikamwonyesha ilipo. Akaitazama gari, akanitazama mimi.

"Nitakwenda kwa miguu," akasema.

Ni mwendo mrefu, mnaujua. Nikamwambia dereva arudi na gari lake, nikamfuata Charo. Kumwacha aende peke yake sikuweza, na kutembea kando yake niliona sina haki, kwa hiyo nikabaki nyuma, umbali wa kutupa jiwe. Tukapita Buxton hivyo. Hakugeuka hata mara moja. Viatu vya kazi vilinichoma, jasho likanitiririka mpaka kwenye mkanda, nikawaza kwamba yeye alikuwa amekaa wiki tano ndani kwa sababu ya macho yangu, nami nalalamikia viatu.

Tulipofika katikati ya daraja la Nyali akasimama, akaegemea chuma, akaningoja. Nikajua sasa atanitukana, nikajitayarisha kusikiliza mpaka mwisho.

Akasema akitazama maji, "Njoo huku ubavuni, afande. Ukinifuata nyuma hivyo, watu wa Frere Town watadhani umenikamata tena."

Nikasogea kando yake, tukaliteremka daraja pamoja. Tulipokaribia Kongowea akaniuliza yule mama wa mahamri anaendeleaje. Nikamwambia ameanza kutembea, kwa fimbo. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza fimbo yenyewe amechongewa na nani, kama ni ya kimo chake.